Unataka injini kubwa kwenye Land Rover ya guka? Anza na breki

Kuna homa imeshika mtaa, na sitaki ipone kabisa. Vijana wanasaka Land Rover kuukuu, zile Series III zilizowahi kuwa za chifu, za misheni au za shamba fulani huko Nyahururu. Wanazipata zimeota nyasi hadi dirishani, wanachanga doo, wanazivuta hadi Nairobi nyuma ya lori. Halafu swali la kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp huwa lile lile: "Wasee, tunaweka injini gani?"

Majibu humiminika. Huyu anataka 1HZ ya Land Cruiser. Yule anasema 1KZ ya Prado iko na turbo, itapaa. Na yule aliyekesha akitazama video za Wamarekani hataki kusikia chochote kisicho V8. Jumbe mia mbili baadaye, hakuna hata mmoja aliyeuliza gari hilo litasimama vipi.

Msimamo wangu ni huu: badilisha injini, hakuna neno. Lakini injini kubwa iwe kitu cha mwisho kununua, si cha kwanza. Ukianza na injini utakuwa na gari linalojua kukimbia lakini halijui kusimama. Na mambo yakiharibika hutaumia peke yako. Kuna mama anauza viazi kando ya barabara, na yeye hakuulizwa unaweka injini gani.

Mimi si injinia. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwisha, na mengi ninayoyajua kuhusu magari niliyaokota kwa kusimama karibu na mafundi wa Grogan hadi wakazoea sura yangu. Kwa hivyo usiniamini kwa sababu ya cheti, maana sina. Amini hesabu. Zibebe uende nazo kwa fundi wako mkabishane.

Kwanza niwatetee wenye homa. Injini asili ya petroli ya Series III ina sisi 2,286 na nguvu za farasi kama 70 hivi. Farasi hao ndio wanaotakiwa kusukuma gari ambalo, lile refu la 109, lina kama tani moja na nusu hata kabla hujapakia kitu. Ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Kimende, matrela yanakupita huku madereva wakikuonea huruma. Injini ya mtumba kutoka Japani inapatikana, spea zake ziko kila kona, na mafundi wanaijua hata gizani. Mtu akiniambia anataka kubadilisha, simwoni kama mwendawazimu.

Kuna wazee watakuambia kwamba kugusa injini ni kuliharibu gari la kihistoria. Nawaheshimu, lakini hapo hatusikizani. Land Rover ilizinduliwa mwaka wa 1948 kama gari la shamba, ikaundwa kwa mabati ya aluminiamu na boliti ili mtu aweze kuifungua na kuifunga tena. Zile zilizokusanywa Thika enzi za Leyland Kenya hazikukusanywa ili zikae makumbushoni. Nyingi za zile zinazotembea mpaka leo, zinatembea kwa sababu kuna fundi alikataa zife. Ombi langu kwa upande huo ni moja: usikate chesi bila sababu, na injini ya zamani usiiuze kwa kilo. Ipake grisi, ifunike, iweke. Iko siku mtu ataitaka.

Sasa sikiza vile watengenezaji wenyewe walifanya walipotaka nguvu zaidi.

Mwaka wa 1965 kampuni ya Rover ya Uingereza ilinunua kutoka General Motors haki za kuunda V8 ya Buick, injini nyepesi ya aluminiamu yenye lita 3.5. Mwaka wa 1970 wakaiweka kwenye Range Rover, ikitoa zaidi ya farasi 130. Ilipofika 1979 wakaiweka kwenye Land Rover Series III ya 109, ile inayoitwa Stage One V8. Unajua walifanya nini? Waliipunguza nguvu makusudi hadi farasi 91. Tena hawakuiunganisha na giaboksi ya zamani. Waliitoa, wakaweka ile ya Range Rover, inayoendesha magurudumu yote manne wakati wote.

Hebu tulia hapo kidogo. Watu wenye kiwanda, michoro yote ya gari na madereva wa majaribio, walikuwa na farasi 130 mkononi, wakaamua kwamba mwili ule unatosha 91. Wewe uko na fundi mmoja, mashine ya kulehemu na wikendi mbili, na unataka 1UZ ya Lexus, V8 ya lita 4 yenye farasi kama 250. Mimi nadhani kuna kitu hao jamaa walikijua.

Walichokijua kinaanzia kwenye magurudumu. Series III ina breki za drami pande zote nne, na nyingine hazina hata serva ya kukusaidia kukanyaga. Drami ikipata moto inatanuka na kujitenga na viatu vya breki, ndiyo maana kwenye mteremko mrefu pedali inazidi kwenda chini huku gari likizidi kwenda mbele. Ukivuka mto, maji na matope yanabaki ndani. Kwa gari la kutembea kilomita 70 au 80 kwa saa, breki hizo zilikuwa zinatosha. Gari na breki zilikuwa na heshima kati yao.

Halafu unaweka injini inayokufikisha 110 bila jasho. Kwa macho, kutoka 80 hadi 110 ni nyongeza ya 30 tu. Lakini nguvu ambayo breki lazima ziimeze haipandi hivyo. Inapanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. 80 mara 80 ni 6,400. 110 mara 110 ni 12,100. Hiyo ni karibu maradufu, na yote inageuka joto ndani ya drami zile zile za mwaka wa 1975. Hujaongeza uzito, hujaongeza abiria, umeongeza tu raha ya mguu wa kulia.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawaujui, na ndio unanitisha zaidi. Serva ya breki hufanya kazi kwa kuvutwa na ombwe la hewa. Kwenye injini ya petroli, ombwe hilo linatoka bure pale injini inapovuta hewa. Injini ya dizeli haina kizuizi hicho cha hewa, kwa hivyo inahitaji pampu yake maalumu ya ombwe, ambayo kwenye dizeli nyingi za Toyota hukaa nyuma ya altaneta. Fundi akibadilisha altaneta akaweka isiyo na pampu, au akasahau bomba moja la mpira, injini itanguruma vizuri kabisa. Video itatoka fiti. Pedali ya breki ndiyo itakuwa ngumu kama ukuta.

Namjua jamaa mmoja wa Umoja ambaye alijulia hayo kwenye mteremko wa kushukia Mai Mahiu. Alikanyaga, pedali ikakataa kushuka. Alirudisha gia ya pili, akavuta hendibreki, akaparuza ukingo wa udongo hadi gari likasimama. Walikuwa wanne ndani. Walishuka, wakakaa kwenye nyasi, hakuna aliyeongea. Kilichokosekana kwenye gari hilo ni kipande cha mpira ambacho unaweza kukificha mfukoni.

Baada ya breki, angalia kinachobeba nguvu kutoka kwa injini hadi barabarani. Land Rover fupi ya 88 ina hafu-shafti za nyuma zenye meno 10, na zinajulikana kwa kukatika hata na injini ile ya farasi 70. Nyingi za 109 za Series III zilipewa ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo ni ngumu zaidi. Kwa hivyo kabla hujaita gari lako "mnyama", lala chini yake na tochi ujue umebeba ekseli gani. Injini kubwa ikivuta kwa ghafula kwenye matope, kitu dhaifu ndicho kitakatika. Heri kikatike kwenye matope kuliko katikati ya lami ukipita lori.

Na hata kama hakuna kitakachokatika, kuna hesabu ya meno. Difu ya Series III inapunguza mizunguko mara 4.7. Ukiacha giaboksi na difu za zamani, ukifika kilomita 100 kwa saa injini itakuwa inazunguka zaidi ya mara 3,500 kwa dakika. Dizeli kama 1HZ karibu imemaliza pumzi hapo. Umenunua injini ya lita 4.2 ili ipige kelele, inywe mafuta na ichoke mapema. Ukiweka difu za Range Rover au Defender, ambazo ni 3.54, mizunguko inashuka hadi karibu 2,800. Gari lile lile, injini ile ile, lakini sasa mnaweza kuongea ndani bila kupaaza sauti. Hakuna mtu anayepiga picha difu na kuiweka Instagram. Ndiyo sababu inasahaulika.

Sijataja rejeta ambayo ilitengenezwa kwa injini ndogo, wala mauntini, wala umeme. Series III inatumia volti 12. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zilikuwa za volti 24. Usipouliza mapema, utauliza baada ya moshi.

Sasa niwarudie mashabiki wa V8 za Marekani. Ile injini mnayoiona kwenye video, Chevrolet 454, ni lita 7.4. Ni chuma kitupu, na peke yake ina zaidi ya kilo 300, karibu maradufu ya ile V8 ya aluminiamu ya Rover. Kilo zote hizo zinakaa juu ya ekseli ya mbele, yaani juu ya usukani na springi ambazo hazikuahidiwa mzigo huo. Kuhusu mafuta, gari lenye injini ya aina hiyo likienda kilomita 4 kwa lita, shukuru Mungu. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Hizo ni lita 40 kwenda tu, kisha unaanza kuuliza marafiki nani anachangia kurudi. Mmarekani anayefanya hivyo mara nyingi ana gari lingine la kwenda kazini. Wewe utapanda matatu kesho asubuhi huku mnyama amelala.

Na usidhani kwamba kutembea porini kunahitaji moto huo. Angalia Rhino Charge, shindano letu hapa tangu 1989, linalochangia pesa za kuhifadhi misitu kupitia Rhino Ark. Pale kuna magari yamekatwa na kuungwa kuliko unavyoweza kufikiria. Lakini mshindi si mwenye kasi. Timu zina saa 10 kufikia vituo 13, na anayeshinda ni yule aliyetembea umbali mfupi zaidi, yaani aliyethubutu kupita kwenye jiwe na korongo badala ya kuzunguka. Huko kinachohitajika ni kuvuta polepole, kushika mwamba na kusimama ukitaka. Hakuna anayekupa pointi kwa kilomita 140 kwa saa.

Kuna sehemu nyingine inayouma bila kutoa damu: makaratasi. Logibuku yako ina nambari ya injini, ukubwa wake kwa sisi na aina ya mafuta. Ukitoa petroli ya sisi 2,286 ukaweka dizeli ya sisi 4,164, hilo si gari lililoandikwa pale tena. Unatakiwa upeleke gari likaguliwe, na ubadilishe maelezo kwa NTSA. Najua foleni. Najua vile mtu atakuambia "achana na hiyo, hakuna polisi hufungua boneti." Hufungua. Na hata wasipofungua, siku ya ajali mkaguzi wa bima atafungua, na hiyo ndiyo siku ambayo hutaki kuanza kueleza kwa nini karatasi inasema kitu kimoja na chuma kinasema kingine.

Hapo hapo, dai risiti ya injini. Risiti yenye nambari ya injini, jina la aliyekuuzia na tarehe. Injini haina uso. Ikiwa ilitoka kwenye gari la mtu lililoibwa, nambari ile itamtafuta mwenye gari ilimo sasa, na huyo ni wewe. Muuzaji akikuambia risiti ni ya wasioaminiana, mwambie ndiyo, ni sisi hao, kisha uondoke.

Nimeongea kana kwamba fundi ndiye tatizo. Siye. Wengi wa mafundi wetu wanajua kazi kuliko watu wenye digrii ukutani, na nasema hivyo nikiwa mtu asiye na hicho cha kutundika. Tatizo ni vile tunavyowalipa. Tunafika na bajeti ya injini tu, tunamwambia "hiyo ingine tutaona", tunampigia simu kila saa gari litatoka lini, tunataka liwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna safari ya Naivasha. Fundi akisema breki hizi hazitaweza, tunamwambia hiyo tutafanya baadaye. Yeye ana kodi ya nyumba, anafunga boliti, anatuachia. Gari likianguka, jina linaloharibika mtaani ni lake, si la yule aliyekataa kununua breki.

Kwa hivyo mlipe fundi kwa kukuambia hapana. Kabla injini haijanunuliwa, mlipe siku nzima alikague gari na akuandikie kwenye karatasi kinachohitajika, kipengele kwa kipengele. Kama ana cheti cha jaribio la ufundi cha NITA, vizuri. Kama hana, karatasi hiyo bado itakuonyesha kama anajua. Fundi ambaye orodha yake inaanza na injini na kuishia na injini, mshukuru kwa wakati wake na utafute mwingine.

Ukiniuliza mimi, pesa zitoke kwa mpangilio huu. Kwanza breki: mabomba mapya, serva, na ukiweza diski za mbele. Kuna wanaoweka ekseli nzima ya Defender au ya Land Cruiser yenye diski, lakini hiyo inataka kulehemu kwa adabu, si kazi ya alasiri moja. Pili usukani, springi na matairi. Tatu ekseli na difu. Nne rejeta na mauntini. Tano makaratasi. Injini iwe ya sita. Utaona kwamba ukifika huko, hamu ya V8 imepungua yenyewe na 1HZ ya kawaida, isiyo na turbo, yenye farasi kama 130, inaonekana kama utajiri.

Utasema huo mpangilio unachukua mwaka mzima. Ndiyo. Gari limekaa kwenye nyasi miaka 15, halitakufa kwa kungoja miezi 12 zaidi. Kinachoweza kufa kwa haraka hiyo ni kitu kingine, na hicho hakina spea Grogan.

Kabla hujatuma hata shilingi ya injini, kuna jaribio la bure. Chukua gari likiwa na injini yake ya zamani, litafutie uwanja mtupu ulio tambarare, pakia marafiki wanne, fika kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga breki kama mtoto ametokea mbele yako. Likivuta upande mmoja, pedali ikienda chini kabisa, au mkibishana kama limesimama au limechoka tu, basi tayari lina nguvu kuliko uwezo wake wa kujizuia. Hilo ndilo la kutengeneza mwezi huu.